Shokapu Haibebi Mzigo

Katika gereji za Kampemba, Lubumbashi, hasa upande wa viwanda, pikapu inayoinuliwa kwa jeki kila wiki ni ileile: Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, inayojulikana Likasi, Fungurume na Kolwezi kwa kibendera kilichosimama juu ya fito ndefu ili dereva wa lori kubwa la mgodini aione. Mwenye gari akiulizwa lina nini, jibu ni fupi: usukani unatetemeka. Na dawa anakuja nayo mdomoni. Anataka amortisseur mpya, nne za magurudumu na ile ya tano inayolala kwenye usukani, tena ziwe ngumu. Amortisseur ndiyo ile Dar es Salaam wanaiita shokapu, na kamusi zinaiita kifyonza mshtuko. Hapa nitaiita shokapu, lakini kwa maana yake Wafaransa wametushinda. Ndani ya neno lao kimo kifo, mort, na kazi ya kifaa hiki ni kuua. Mshtuko hakifyonzi, inayopokea mshtuko ni springi. Shokapu huua mtikisiko ambao kitu kingine kimeshauanzisha. Haibebi mzigo, hainyooshi gurudumu, haikazi kilicholegea. Anayelielewa hilo atajua kwa nini shokapu nzuri ni ununuzi wa mwisho katika matengenezo, na kwa nini wanaoinunua kwanza hurudi gereji ileile kabla mvua za Novemba hazijafika.

Tuanze na kinachobeba. Mbele, tangu mwaka 1999, pikapu hii ina springi za kuviringika juu ya ekseli nzima. Nyuma ina springi za bapa, zile mafundi wa Lubumbashi wanazoziita lame, zilizopangwa moja juu ya nyingine. Gurudumu likiingia shimoni springi hubonyea, kisha hurudi juu na kupitiliza, ikabonyea tena. Ikiachwa hivyo, gari litanesanesa kama mtoto juu ya godoro. Shokapu ni bomba la oili lenye pistoni iliyotobolewa matundu membamba na kufunikwa vali. Springi inapotaka kurudi, sharti pistoni iipenyeze oili katika matundu hayo, na nguvu iliyokuwa ya mwendo inageuka joto. Hakuna zaidi ya hapo. Fundi mwenye akili huitumia siri hiyo bila chombo chochote: gari likitoka kukimbia kwenye barabara mbovu, anapeleka mkono karibu na kila shokapu. Tatu zikiwa za moto na moja baridi, chipukizi ataitilia shaka ile moto zaidi, kumbe iliyokufa ni ile baridi. Haifanyi kazi, ndiyo maana haitoi jasho.

Kwa kuwa kazi ya shokapu ni kutengeneza joto, adui yake mkubwa ni barabara isiyoipa nafasi ya kupoa, wala si shimo kubwa. Ukiiacha lami ya Lubumbashi na Likasi ukashika njia za udongo za Mitwaba na Manono, kiangazi utakuta mawimbi yaliyokingama barabarani kama bati la paa. Wengi huamini malori na springi zake ndiyo yanayoyachonga. Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha jaribio la gurudumu dogo lililowekwa juu ya meza ya mchanga inayozunguka: mawimbi yaliota yenyewe mara tu mwendo ulipovuka kiwango fulani, hata gurudumu lisipokuwa na springi. Kwa hiyo barabara ya vumbi itakunjika tu, na dawa ni greda. Sasa piga hesabu. Mawimbi yakiachana meta moja, gari la kilomita 40 kwa saa linapigwa mara 11 kwa sekunde, na ekseli yenye magurudumu yake hupenda kurukaruka kwa kadiri ya mara 10 hivi. Viwili hivyo vikikutana, gari zima hutetemeka kama ungo. Ndiyo maana madereva hukanyaga mafuta mpaka 80: mapigo yanakuwa 22 kwa sekunde, gurudumu linakosa muda wa kufuata kila bonde, linapita vileleni na gari linatulia. Kutulia huko kuna gharama mbili. Tairi hugusa ardhi kwa vipande, kwa hiyo breki na kona vinakuwa vya kubahatisha. Na shokapu inachapwa mara elfu kadhaa katika dakika chache, mpaka oili yake inapita joto la maji yanayochemka.

Hapo ndipo shokapu bora inapostahili bei yake. Ile ya kawaida ina mabomba mawili, moja ndani ya jingine, na juu ya oili pana nafasi ya hewa au gesi ya shinikizo dogo. Ikichapwa sana, gesi na oili vinachanganyika, povu linatokea, pistoni inapenya povu bila upinzani, na dereva anahisi gari limekuwa mashua. Mfaransa Christian Bourcier de Carbon alilitatua hilo kwa bomba moja nene, ambamo gesi ya shinikizo kubwa imetenganishwa na oili kwa kizibo kinachoteleza. Kampuni ya Bilstein ya Ujerumani ikaanza kutengeneza shokapu za namna hiyo kwa wingi kwa ajili ya Mercedes-Benz mwaka 1957. Oili imekabwa, haipati pa kutokea povu, na bomba limeguswa na upepo moja kwa moja, kwa hiyo hupoa upesi. Ila lina udhaifu wake. Jiwe likilibonyeza bomba hilo, pistoni inakwama palepale, wakati ile ya mabomba mawili hupata kovu la nje na kuendelea na kazi. Kwa gari la vumbi na mawimbi ya safari ndefu, bomba moja; kwa gari linalosaga mawe machimboni kwa mwendo wa kobe, mabomba mawili manene yanatosha. Anayekuuzia bila kukuuliza gari linapita wapi anakuuzia rangi ya bomba.

Swali la ugumu ndilo linalopotosha zaidi. Pikapu hii hubeba kama tani moja, na wenyewe huiongezea lame za nyuma ili ibebe zaidi. Ni kweli kwamba springi ikikazwa, shokapu ya zamani haiwezi kuituliza tena. Lakini hesabu ya mtikisiko haiendi sambamba na ugumu wa springi, inaenda na kipeuo chake cha pili: mzigo ukiwa uleule na springi ikawa ngumu maradufu, shokapu inayohitajika ni ngumu zaidi kwa asilimia 40 hivi tu. Anayefunga iliyo ngumu maradufu amepitiliza, na atalipa siku gari likirudi tupu. Nyuma hakuna uzito wa kuibonyeza springi, shokapu inaukataa mwendo wa gurudumu, na tairi linaruka badala ya kufuata barabara. Kwenye kona ya changarawe mkia unaondoka. Dereva atasema gari limekuwa jepesi, na kweli, ila ugumu ndio uliolifanya jepesi. Chagua shokapu kwa uzito unaobeba siku nyingi za mwaka, wala si kwa ule mzigo mmoja wa saruji uliokutisha.

Kuna tamaa nyingine, ya kuliinua gari. Springi ndefu zaidi kwa sentimeta 5 zinalipa kimo cha kuvuka madimbwi ya Januari, na shokapu lazima iwe ndefu kwa kiasi hichohicho: ikiwa fupi itavutika hadi mwisho na kung'oa kishikio chake, ikiwa ndefu kupita kiasi itagota ndani kabla ekseli haijagusa mpira wa kikomo. Hayo mafundi wengi wanayajua. Wanalolisahau ni pembe. Itazame baiskeli iliyosheheni magunia ya makaa ikiingia Lubumbashi alfajiri: uma wake wa mbele umelala kidogo kuelekea nyuma, na ndiyo sababu gurudumu hujinyoosha lenyewe. Ekseli ya mbele ya pikapu ina mlalo kama huo, wa digrii chache tu. Ukiinua gari, mikono inayoishika ekseli huizungusha, na sentimeta 5 hula karibu digrii mbili. Usukani unakuwa mwepesi kama wa toroli, haurudi katikati, na tutusa moja inatosha kuuanzishia mtetemo. Tiba ni bushi maalumu zinazorudisha pembe. Mwenye gari asiyeambiwa hivyo anakwenda kununua shokapu ya usukani.

Nayo shokapu ya usukani ni nini? Ni bomba kama yale mengine, ila limelala kiubavuubavu na kushika mojawapo ya fito za usukani. Land Cruiser hii hutoka nayo kiwandani. Hilux ya siku hizi, ambayo kila gurudumu la mbele linajitegemea, haina na haiihitaji. Kazi yake ni kuzuia pigo la jiwe lisifike mikononi mwa dereva. Ni kazi ya heshima, lakini ndogo. Pana sifa moja ya kuangalia kabla ya kulipa: isukume ndani ukiwa dukani, kisha iachie. Ikirudi nje yenyewe kwa nguvu, ina gesi ya shinikizo kubwa. Fimbo yenye unene wa milimeta 12 chini ya shinikizo la bar 25 husukuma kwa nguvu ya kama kilo 29, mchana kutwa, upande mmoja. Kwenye gurudumu gesi hiyo ni faida. Kwenye usukani ni mkono wa mtu asiyeonekana akivuta gari kwenda mtaroni.

Watu hupinga kwa ushahidi wa macho: mbona ilifungwa na mtetemo ukaisha? Uliisha, sikatai. Shokapu huua mtikisiko wowote, hata ule uliotoka kwa beringi iliyolika. Lakini chanzo kinaendelea kula, na sasa kinaula pia mpira wa shokapu mpya, hadi siku vyote viwili vinapochoka pamoja, kisha mtetemo unarudi ukiwa na nguvu ya kumnyang'anya dereva usukani. Wengine husema migodi hufunga shokapu nzito na za usukani, kwa hiyo ni sahihi. Migodi hubebesha magari hayo vizuizi vya chuma na vyuma vya kulinda paa, kisha huyaingiza gereji kwa ratiba, bushi ikibadilishwa kabla haijalia. Ukiiga vifaa bila ratiba, umeiga nusu ya bei. Pingamizi la tatu ni la haki zaidi: gari ndilo chakula, pesa ya yote haipo. Ndiyo sababu mpangilio una maana, kwa kuwa vyanzo vingi ni rahisi kuliko bomba jipya. Masika, tope hukauka ndani ya rimu. Gramu mia chache upande mmoja zinatosha kutikisa usukani kwenye kilomita 70, na dawa ni maji na kijiti. Inayofuata ni mizani ya tairi, kisha bushi za fito inayokingama kutoka chesisi hadi ekseli, ile ya Panhard, kisha vichwa vya fito za usukani, kisha beringi za vifundo ambamo magurudumu hugeukia.

Kipimo chake hakihitaji hata jeki. Gari lisimame chini kwa magurudumu yake yote manne, breki ya mkono imevutwa, vigingi vimewekwa, injini inanguruma. Mtu mmoja ashike usukani, auchezeshe kushoto na kulia kwa kidogo, haraka haraka. Wa pili alale kando ya gurudumu na tochi, aangalie kila kiungo kimoja baada ya kingine. Fito ikisogea kabla ya kinachoshikwa nayo kusogea, ugonjwa ni hapo, na shokapu ya usukani isubiri dukani.