Mama aliyempa Wangari kishamba na kumfundisha subira

ALIPOKUWA mtoto kijijini Ihithe, Nyeri, Wangari Maathai alipewa na mama yake kishamba chake mwenyewe katikati ya shamba la familia. Akapanda viazi vitamu, maharagwe na mahindi.

Subira ikamshinda. Akawa anafukua mbegu kutazama kama zimeota. Mama yake akamwelekeza azifunike na kuziacha zifanye kazi yake, kwani zingechomoza zenyewe.

Mtoto huyo, aliyezaliwa 1 Aprili 1940, alikuja kuwa profesa na, mwaka 2004, mwanamke wa kwanza Mwafrika kupata Tuzo ya Amani ya Nobel.

Lakini nusura asisome. Enzi hizo wasichana wengi wa kijijini walibaki nyumbani kusaidia kazi. Ni kaka yake, Nderitu, aliyemuuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama hakuona sababu ya kumzuia. Akaanza shule akiwa na miaka minane.

Baadaye alisoma shule ya bweni ya St Cecilia, Mathari, kisha Loreto, Limuru. Mwaka 1960 alipata ufadhili kwenda Marekani, akasomea biolojia. Mwaka 1971 akapata shahada ya uzamifu jijini Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufikia kiwango hicho.

Mapenzi yake kwa mimea na viumbe yalianzia nyumbani. Mama yake alimkataza kuokota kuni kwenye mti wa mugumo uliokuwa karibu, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Hapo jirani palikuwa na kijito. Wangari aliyaona mayai ya chura majini akadhani ni shanga. Alijaribu kuyainua ayavae shingoni, yakamponyoka vidoleni. Baada ya siku kadhaa, maji yalijaa viluwiluwi. Kisa hicho alikisimulia Oslo alipopokea tuzo yake.

Alipokuwa mtu mzima alikuta mugumo umekatwa na kijito kimekauka. Akifanya utafiti kuhusu kupe wa ng'ombe, aliona pia mito imejaa udongo na mifugo imekonda. Wanawake wa vijijini walilalamikia uhaba wa kuni, maji safi na chakula bora.

Mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement. Wataalamu wa misitu walitilia shaka kama wanawake wasio na vyeti wangeweza kuotesha miti. Wao walitumia ujuzi wao wa kupanda maharagwe na mahindi, na kulipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika. Kufikia 2004 miti zaidi ya milioni 30 ilikuwa imepandwa.

Haikuwa rahisi. Mama huyo wa watoto watatu, Waweru, Wanjira na Muta, alipitia talaka na kukamatwa mara kadhaa. Mwaka 1999 alipigwa na kujeruhiwa kichwani alipokuwa akitetea msitu wa Karura.

Alipenda kusimulia hadithi ya kidege kilichobeba tone la maji mdomoni kuzima moto wa msitu, huku wanyama wakubwa wakitazama tu. Na habari za Nobel zilipomfikia akiwa Nyeri, alipiga magoti na kupanda mche, akiutazama Mlima Kenya.

Alifariki 25 Septemba 2011. Kwa matakwa yake hakuna mti uliokatwa kwa ajili ya jeneza lake. Lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu-maji.

Mzazi hahitaji ekari kumlea mtoto wa namna hii. Kopo la udongo na punje tatu za maharagwe dirishani zinatosha. Kazi ngumu ni ile aliyoiweza mama yake Wangari: kujibu maswali, kufungua njia ya shule, kisha kuiacha mbegu iote kwa wakati wake.