Siri ya nyumba: isitiriwe au iungamwe?

Wasomaji wetu wa Eastlands hawana haja ya kuelezwa habari ya kuta nyembamba. Kwa ajili ya walio mbali na Nairobi, basi, nitaanza na nyumba niliyopanga Pumwani mwaka 1993, nilipokuwa kijana mgeni kutoka pwani. Ilikuwa nyumba ya udongo na mabati ya mtindo wa kwetu: ujia katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na uani msala na mahali pa kupikia. Kuta za vyumba hazikufika juu. Mtu akipiga chafya chumba cha kwanza, wa chumba cha sita alimwombea afya.

Usiku mmoja wa Jumamosi jirani yangu, fundi katika kiwanda kimoja na mtu aliyeokoka, alimwambia mkewe kwamba amekuwa akimdanganya. Alisema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu aliyekwisha kukata shauri. Mshahara wake uliongezwa tangu miaka miwili nyuma, naye alikuwa akileta nyumbani kiasi kile kile cha zamani. Sehemu ya nyongeza aliipeleka kwao kununua ng'ombe. Sehemu nyingine iliishia mahali ambapo yeye mwenyewe hakuweza kupakumbuka. Kisha akaomba dua na kumtaka radhi. Nyumba nzima ilikuwa kimya. Hata redio ya chumba cha mbele ilipunguzwa sauti, na sidhani ilikuwa kwa ajili ya heshima.

Mimi nilijifunika shuka gubigubi kwa haya. Siku ya tatu nikamkuta yule mama bombani.

"Shehe," akaniambia (watu wa bara humwita shehe kila mwenye kofia, nami nilikwisha choka kukanusha), "yeye ameutua mzigo wake, sasa analala fofofo. Mimi je? Nyumba nzima sasa inajua nilikuwa nikizunguka kukopa unga na pesa zipo. Mungu wake amemsamehe. Aibu yangu ataifunika nani?"

Sikuwa na jibu. Swali lake ndilo linalonifanya niandike leo, kwa sababu ndani yake mna njia mbili za ucha Mungu ambazo watu wa mitaa hii wameishi nazo ukuta kwa ukuta, pengine kitandani mwa nyumba moja.

Njia ya yule bwana ina historia yake. Uamsho wa Afrika Mashariki uliwaka katika Rwanda na Uganda kwenye miaka ya 1930, hasa Gahini, na mwaka 1937 kundi la wahubiri likauleta Kabete, hapo nje ya Nairobi. Waganda waliwaita wafuasi wake balokole, yaani waliookoka; Wakikuyu wakawaita ahonoki. Alama yao ilikuwa kuungama hadharani. Mtu alirudisha chombo alichoiba kwa mwajiri wake, akalipa deni ambalo mwenyewe amelisahau, akasimama mbele ya ndugu na kulitaja kosa lake kwa jina lake. Mume aliungama kwa mkewe, na jambo hilo halikuwa dogo katika nchi ambayo mwanamume hakuzoea kumwomba mwanamke radhi. Wazee wengi walichukizwa mno. Walisema hawa watu wanayaleta sokoni maneno ya kitandani.

Njia yangu mimi niliichukua chuoni. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba Qurani imewafananisha mume na mke na nguo, kila mmoja nguo ya mwenziwe, na alipoifasiri aya hiyo hushika upindo wa kanzu yake. Nguo, alisema, kazi yake ya kwanza si pambo, ni kuficha uchi. Akatusomea pia jinsi Mtume alivyowahesabu miongoni mwa waovu kabisa wale wanaoingiana na wake zao kisha wakatoka kuieneza siri ya chumbani. Hiyo ndiyo sitara. Mtu wa pwani huinyonya pamoja na maziwa ya mamaye.

Sasa zichukue desturi hizo mbili uzitie katika chumba kimoja cha Eastlands. Serikali ya kikoloni haikuijenga mitaa hii kwa ajili ya ndoa. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika wawekwe mahali pamoja, wenyeji wakajijengea, na wanawake wengi walikuwa miongoni mwa wenye nyumba. Pangani ilipovunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wake walihamishiwa Shauri Moyo, na jina lenyewe linakuonyesha namna walivyolipokea jambo hilo. Nyumba nyingi za manispaa na za reli zilihesabiwa kwa vitanda, kitanda kimoja mfanyakazi mmoja, mke na watoto wabaki shambani. Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940 kwa kufikiria jamaa, ilikuwa kama ajabu. Hata mwaka 1954 kamati ya Carpenter iliyochunguza mishahara ya Waafrika ilikiri kwamba mshahara wa chini ulipimwa kwa mahitaji ya mwanamume peke yake, si kwa mtu mwenye mke na watoto.

Basi watu wakaoana humo humo, katika nafasi ya kitanda. Kule Lamu au Murang'a ndoa ilikuwa na shangazi, na ami, na mjomba anayeweza kuingia bila kubisha hodi akamuuliza mume: kuna nini? Hapa kuna mlango mmoja na kufuli. Mume akivaa kanzu nyeupe Ijumaa akaenda Msikiti Riyadha, au akifunga tai Jumapili akaenda kanisani, nani ajuaye amewaachia nini jikoni? Mtume alimpima ubora mtu kwa namna anavyokaa na watu wa nyumbani mwake. Katika miji yetu kipimo hicho hakina mpimaji ila jirani wa upande wa pili wa ukuta, na huyo naye amefundishwa asisikie.

Hapo ndipo nina jambo la kuungama mimi mwenyewe, ijapokuwa si desturi ya kwetu.

Mwaka 1995 nilihamia Shauri Moyo. Chumba kilichopakana na changu alikaa bwana mmoja, mkewe na mtoto wao mchanga. Bwana alikuwa mpole wa salamu, wa kwanza kuzika, wa kwanza kuchanga. Usiku alimpiga mkewe. Nilisikia wiki baada ya wiki, nami nikajikumbusha ile methali: ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Nikachukua jembe langu, yaani kalamu, nikawa natunga mashairi ya mapenzi ya kupeleka magazetini. Nilijiona mtu wa sitara. Asubuhi moja nikaikuta birika niliyokuwa nimewaazima iko mlangoni pangu, imesuguliwa kwa jivu hata inang'aa. Yule mama alikwisha ondoka alfajiri na mtoto mgongoni, na kabla ya kuondoka alikumbuka kurudisha kitu cha jirani ambaye hakumfaa kwa lolote.

Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamepata kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15. Kwa hesabu hiyo, katika ujia wenye milango sita ni milango miwili. Sheria ya kuwakinga watu na dhuluma za nyumbani, ya mwaka 2015, haikumtazama aliyedhulumiwa peke yake. Inamruhusu hata mtu mwingine mwenye sababu ya kushuku apeleke habari kwa wenye mamlaka. Mwaka 1995 sheria hiyo haikuwako. Lakini nisijifiche nyuma ya hilo, maana sheria niliyosoma mimi chuoni ilikuwako, na ilikwisha sema.

Imam Nawawi, katika Riyadh as-Salihin, baada ya kuonya vikali juu ya kusengenya, ametaja mahali ambapo kutaja aibu ya mtu kunaruhusiwa, na pa kwanza ni aliyedhulumiwa anapomshtakia mwenye uwezo wa kumwondolea dhuluma. Miongoni mwa ushahidi wake ni kisa cha Hind binti Utba. Bibi huyu alimwendea Mtume akamweleza kwamba mumewe, Abu Sufyan, ni bahili, hampi yeye na watoto masurufu ya kuwatosha. Mtume hakumkemea kwa kutoa siri ya nyumba. Alimruhusu achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake kwa kadiri ya desturi. Wanawake wetu wanalijua hilo kuliko sisi. Mtaalamu wa Kimarekani, Susan Hirsch, alikaa katika mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi katika miaka ya 1980, na kitabu chake cha mwaka 1998 kinaonyesha kwamba wengi wa waliofungua mashauri walikuwa wanawake, na wengi wao walishinda, ingawa iliwapasa kwanza kuivuka haya ya kuyasema ya nyumbani mbele ya watu.

Sisemi sitara ni kosa. Nasema tumeigeuza mbele nyuma. Aibu ya mwenzako ndiyo ya kufunikwa, na kosa lako ndilo la kukiriwa. Lakini nenda ukae katika baraza yoyote ya wanaume, Pumwani au Mombasa, utasikia makosa ya wake zao yakitajwa moja moja na yao wenyewe yakiitwa siri ya nyumba. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utendi wake mashuhuri mnamo mwaka 1858, mwenyewe akiwa mjane na mgonjwa, na wasichana wa Lamu na Mombasa wamelelewa nao hata leo. Mimi ni mtunzi, nauheshimu utendi ule kuliko niwezavyo kueleza. Lakini bwana harusi kwetu huvishwa joho, akashikishwa jambia, akaingia nyumbani bila kusomewa hata ubeti mmoja.

Narudi kwa yule fundi na mkewe.

Mambo hayakwenda vyema. Mama alinyamaza kimya cha siku kumi, akapika, akafua, asiseme neno. Mwenye nyumba wetu, bibi mzee wa Kiislamu aliyezaliwa papo hapo Pumwani, akaona imetosha. Qurani imeweka njia panapohofiwa mfarakano: atolewe mwamuzi mmoja katika jamaa za mume na mmoja katika jamaa za mke. Jamaa za mke walikuwa mbali, na nauli haikuwako. "Huyu mtoto hana kwao hapa," bibi akasema. "Kwao ni mimi." Upande wa mume akaitwa mzee wa ule ushirika wao, mtu wa makamo, mnyenyekevu, mwenye koti moja. Mimi niliitwa kwa kuwa najua kuandika. Tukaketi ujiani juu ya jamvi Jumapili alasiri, Wakristo watatu na Waislamu wawili.

Mzee wa ushirika alisema ndugu amefanya vizuri kuungama, na sasa jambo lote liletwe nuruni mbele ya mkutano.

"Mwanangu hatavuliwa nguo kanisani," bibi akamjibu.

Wakavutana hivyo kwa muda, kila mmoja kwa adabu kubwa, mpaka yule mama akafungua kinywa. "Aseme yake," akasema. "Aseme alinidanganya. Lakini unga niliokopa, na siku tulizolala bila mboga, hayo ni yangu. Asiyaguse."

Mzee wa ushirika alitazama chini kitambo. "Ni haki yake," akasema.

Niliandika masharti matatu katika karatasi ya daftari. Kwanza, karatasi ya mshahara iwe inawekwa mezani siku ile ile itolewapo. (Leo ingekuwa kazi zaidi, tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 pesa zaweza kuingia na kutoka katika simu yenye namba ya siri, na meza isijue.) Pili, mkutanoni aseme uongo wake tu. Tatu lilikuwa la bibi: madeni ya unga ayalipe mume mwenyewe, mlango kwa mlango, mke asifuatane naye.

La mkutano halikumsumbua. Nilisikia kwamba alisimama, akasema maneno mafupi, akaketi. La tatu ndilo lililomtoa jasho. Jumamosi iliyofuata nilimsikia akibisha chumba cha kwanza, kisha cha pili, sauti yake ikipungua kila mlango. Akafika kwangu.

"Nimeleta pesa za unga," akasema.

"Unga gani, kaka?" nikamwambia. "Mimi sikumbuki."

"Usinisitiri, ndugu yangu," akasema. "Nihesabie."

Zilikuwa pakiti tatu. Nikamhesabia.