MMAREKANI TULIMJUA KWA NGUO KABLA YA KUMJUA KWA SURA

Watu wa kila nchi wana picha yao juu ya watu wa nchi nyingine, na mara nyingi picha hiyo hutokana na kile kilichowafikia mkononi. Wamarekani, ambao nguvu zao zimeenea pote duniani, husemwa kuliko wengine: huku wanasifiwa kwa utajiri na uhodari, kule wanalaumiwa kwa ubabe na majivuno. Lakini katika nyanda za juu za Rondo, nyuma ya mji wa Lindi, Mmarekani hakujulikana kwanza kwa sifa wala kwa lawama. Alijulikana kwa nguo.

Kwa wazee wa pwani na bara yake, merikani ni kitambaa: pamba nzito isiyotiwa rangi, ngumu ikiwa mpya, laini ikifuliwa. Watu waliivaa, waliitia nili ikawa kaniki, na wengine walizikwa nayo.

JASHO LISILOONEKANA

Tarehe 21 Septemba, 1833, Sayyid Said bin Sultan alifanya mkataba wa biashara na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, mjini Muscat. Mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts, alifika Unguja kuwa konsuli wa kwanza wa nchi yake. Merikebu za Salem zilileta nguo, bunduki na baruti. Ziliondoka na pembe za ndovu, ngozi, karafuu na sandarusi, ule utomvu mgumu uliochimbwa ardhini katika pwani yetu na kutengenezewa vanishi ya samani.

Kutoka Unguja nguo ilikwenda Kilwa Kivinje na Lindi, kisha wachukuzi wakaipeleka bara hadi upande wa Ziwa Nyasa. Ilihesabiwa kwa shuka, doti na jora, na katika njia za misafara ndiyo iliyokuwa fedha. Uimara wake ulisifiwa kiasi kwamba wenye viwanda wa Uingereza walifanya kazi ya kuuiga.

Hata hivyo, nguo haimwambii mvaaji ilikotoka. Pamba ya merikani ilichumwa na watumwa wenye asili ya Afrika katika majimbo ya kusini ya Marekani. Ilifumwa kaskazini mwa nchi hiyo, ikavuka bahari, ikafika Kilwa Kivinje, bandari iliyoongoza pwani hii katika kusafirisha watumwa. Huko ilinunua pembe, na ilinunua binadamu. Mtumwa aliyechuma pamba ng'ambo na mateka aliyeswagwa kutoka Nyasa waliunganishwa na uzi mmoja, wala hakuna aliyepata kumjua mwenzake.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikomesha utumwa huko na pia vilikatiza biashara ya nguo hiyo. Nguo za Uingereza na India zikashika nafasi yake. Jina tu likabaki.

SERIKALI NA WATU WAKE

Picha ya pili ilikuja zaidi ya miaka mia moja baada ya merikebu za kwanza. Mwezi Septemba, 1964, FRELIMO ilianza vita vya ukombozi wa Msumbiji, na Nachingwea ikawa kambi yake kubwa ya mafunzo. Wakimbizi walivuka Mto Ruvuma kwa maelfu, na baadhi yao walipewa makazi Rutamba, si mbali na Rondo. Mreno aliyewafukuza makwao alikuwa mwanachama wa NATO, umoja wa kijeshi ulioongozwa na Marekani. Si ajabu, basi, kwamba kwa mkimbizi wa Rutamba jina la Marekani lilikuwa jina la rafiki wa adui.

Lakini kiongozi wa FRELIMO mwenyewe, Dkt. Eduardo Mondlane, alikuwa amesoma na kufundisha katika vyuo vikuu vya Marekani. Mkewe, Mama Janet, alikuwa Mmarekani mweupe, naye aliongoza Taasisi ya Msumbiji mjini Dar es Salaam, iliyowasomesha vijana wa Msumbiji. Siku Dkt. Mondlane alipouawa kwa bomu lililofichwa katika kitabu, tarehe 3 Februari, 1969, alikuwa katika nyumba ya rafiki yao wa Kimarekani.

Mwalimu Nyerere alilaumu hadharani vita vya Marekani katika Vietnam. Hata hivyo, tangu mwaka 1961 nchi yetu ilikuwa imewapokea vijana wa kujitolea wa Peace Corps. Uhusiano ulipoharibika waliondoka, mwaka 1969. Wakarudi mwaka 1979. Historia hiyo yatufundisha kwamba siasa za serikali ni jambo moja, na utu wa raia wake ni jambo jingine. Anayevichanganya huwaonea wengi wasio na hatia, na huweza pia kuwasamehe wenye hatia.

NGUO IMERUDI

Leo nguo ya Marekani imerudi kwa jina la mitumba. Mwaka 1ya 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuipunguza hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vifufuke. Marekani ilitishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya kuuza bidhaa kwake bila ushuru. Kenya, Uganda na Tanzania zikalegeza. Rwanda ilishikilia msimamo wake, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa nafuu hiyo. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mama anayenunua gauni la mtumba mnadani halaumiki, kwa kuwa mfuko wake ndio unaoamua. Lakini taifa lisilojivika lina budi ya kusikiliza masharti ya anayelivika.

Pamoja na mitumba imekuja picha ya simu. Kijana anaona magari, magorofa na wanamuziki, akadhani kila Mmarekani anaishi hivyo. Haoni kwamba mwaka 2023 Wamarekani zaidi ya milioni 25 hawakuwa na bima ya afya, katika nchi ambayo ugonjwa mmoja waweza kuifilisi familia. Wao nao, wengi wao, wanatujua kwa simba na Mlima Kilimanjaro tu, kana kwamba hapa hapaishi watu.

Wazazi, tusiwafundishe watoto wetu kuiabudu Marekani wala kuichukia. Tuwafundishe kuuliza. Kitu kikifika kutoka mbali, kiwe nguo, sinema au msaada, waulize kimetengenezwa kwa jasho la nani, nani anafaidika, na aliyekituma anaishije kwake. Babu zetu waliipima merikani kwa kuivuta na kuifua, lakini hawakuwa na njia ya kumwona aliyeichuma. Watoto wetu wanayo njia hiyo, na hawatakuwa na udhuru wasipoitumia.