Mume anauza gari la petroli, mke anaendesha la umeme!

Hebu tuulizane kwanza. Nyumbani kwako, nani mwenye kauli ya mwisho kuhusu gari? Kwa wengi jibu ni baba. Baba ndiye anayejua injini, baba ndiye anayeongea na fundi, mama atapewa funguo siku baba akiwa hana safari. Sasa ngoja nikupe kisa cha nyumba moja kule Dearborn, jimbo la Michigan, Marekani, ambako mambo yalikwenda tofauti kabisa.

Mwenye nyumba alikuwa Henry Ford. Ndiyo, Ford mwenyewe! Gari lake la petroli liitwalo Model T lilianza kuuzwa mwaka 1908, na hadi lilipoachwa kutengenezwa mwaka 1927 yalikuwa yametoka zaidi ya milioni 15. Ungetegemea mkewe, Bi. Clara, atanue mjini na Model T mpya kila mwaka. Wapi! Bibie aliendesha Detroit Electric, gari la umeme, tena la kampuni nyingine. Lile lake la mwaka 1914 bado lipo hadi leo, limehifadhiwa katika jumba la makumbusho linaloitwa kwa jina la mumewe, palepale Dearborn.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, ukisikia watu wanasema magari ya umeme ni mambo ya juzi, wacheke tu. Mwaka 1900 karibu theluthi moja ya magari yaliyotengenezwa Marekani yalikuwa ya umeme, na ya petroli ndiyo yaliyoshika mkia, nyuma hata ya yale ya mvuke.

Kwa nini kina mama waliyapenda?

Gari la petroli la enzi zile lilikuwa mateso. Kuliwasha ilibidi usimame mbele yake na kupiga hendeli kwa nguvu, kama walivyokuwa wakifanya matanboi wa malori ya zamani. Injini ikirudisha, hendeli inakupiga, na waliovunjika mikono hawakuwa wachache. Likiwaka ni kelele, moshi na harufu ya mafuta mpaka kwenye gauni, halafu bado kuna gia za kugombana nazo.

La umeme je? Unaingia, unafunga mlango, unasogeza fimbo, unaondoka. Hakuna hendeli, hakuna gia za kubadili, hakuna moshi. Detroit Electric lilitengenezwa kuanzia mwaka 1907, na ndani lilikuwa sebule kabisa: viti vya kitambaa kizuri, vioo vikubwa, hata chombo kidogo cha kuwekea maua. Katika gari kama la Bi. Clara, dereva alikaa kiti cha nyuma, na wageni waliokaa mbele waliweza kumgeukia uso kwa uso. Unaendesha huku umbea unaendelea! Kwa dereva wa kike wa wakati ule, kwenda kumtembelea shoga yake bila kumsubiri mume wala dereva halikuwa jambo dogo.

Kuliendesha si kama unavyodhani

Bahati nzuri magari haya hayakuisha yote. Mbali na makumbusho, wapo watu binafsi wanaoyatunza na kuyaingiza barabarani. Mchekeshaji maarufu wa Marekani, Jay Leno, ana Baker Electric la mwaka 1909, na si la kuliangalia tu, analiendesha.

Ukipewa nafasi kwenye Detroit Electric, usitafute usukani wa duara maana haupo. Upande wa kushoto kuna fimbo mbili zinazolala mbele ya mapaja. Ile ndefu ni ya kuongozea gari. Ile fupi ni ya mwendo, nayo ina hatua zake: ukiisukuma hatua moja gari linajikokota, ukiongeza linachangamka. Breki ni za mguu. Ukitaka kushuka unaziinua fimbo, nafasi inapatikana.

Mwendo wake ni wa kistaarabu, kama kilomita 30 hadi 40 kwa saa. Kampuni ilitangaza kwamba betri zikijaa gari litakwenda kilomita 130, na katika jaribio moja lilizidi kilomita 300. Kinachowashangaza wanaopanda leo ni ukimya. Unachosikia ni mvumo mdogo wa mota na sauti ya matairi basi. Ndiyo maana lilifungwa kengele, maana waenda kwa miguu wasingelisikia likija. Lakini ukae ukijua, breki zake ni za nyuma tu, na gari lenyewe ni zito kwa sababu ya betri. Mteremko mkali si wa kuuchezea.

Kulitunza kunataka moyo

Hapa ndipo penye kazi. Adui wa kwanza wa gari hili ni kuachwa limesimama. Betri za risasi na asidi ukiziacha bila chaji kwa muda mrefu hujenga ukoko ndani, zinakufa polepole wakati wewe unadhani umezipumzisha. Anayelipenda gari lake hulichaji, huangalia maji ya betri, na hulitoa barabarani mara kwa mara.

Zamani mteja mwenye fedha zake aliweza kuongeza pesa akawekewa betri za nikeli na chuma zilizobuniwa na Thomas Edison. Hizo zilikuwa ghali lakini ngumu kweli kweli, zilivumilia hata kusahauliwa. Leo wengi hufunga betri za risasi za aina ya zile za magari madogo ya viwanja vya gofu. Kinachotakiwa ni kufikisha nguvu ileile ya zamani, kwenye volti 80 na ushee, ili mota isiungue.

Mota yenyewe haina makuu. Fundi ataangalia kaboni zake kama zimelika, atasafisha vidole vya shaba vinavyopitisha umeme unaposogeza fimbo, na atapaka grisi. Tatizo kubwa liko kwenye bodi, kwa sababu fremu yake ni ya mbao. Maji yakipenya, mbao zinaoza kimyakimya chini ya rangi nzuri. Ukitaka kununua gari la namna hii, usidanganywe na mng'ao. Gonga, bonyeza, chungulia chini ya mazulia.

Na chaja je? Zile za zamani zilikuwa kivutio tosha: tungi la kioo lenye zebaki ndani, likifanya kazi linatoa mwanga wa buluu unaochezacheza kama mzimu. Waliobahatika kuwa nazo huziweka kwa maonyesho, kuchajia wanatumia za kisasa. Zebaki ni sumu, na kioo kikipasuka hakuna cha kujivunia tena.

Sasa nani aliyaua?

Wengi watakujibu haraka: stata. Kweli, mwaka 1912 Cadillac walileta gari lenye stata ya umeme, iliyobuniwa na Charles Kettering, na hendeli ikaanza kusahaulika. Bei nayo ilichangia. Detroit Electric liliuzwa kwa zaidi ya dola 2,000, wakati Model T lilizidi kushuka bei mpaka toleo la bei poa likawa chini ya dola 300. Tena nje ya miji umeme ulikuwa haujafika, ila dumu la petroli lilifika popote.

Lakini tusidanganyane, kulikuwa na jambo jingine. Matangazo yaliyasifu mno kuwa magari ya kina mama: mepesi, masafi, hayana usumbufu. Wanaume wakasikia. Nani alitaka kuonekana kwenye gari la mkewe? Kampuni ikahangaika hadi kuyawekea baadhi ya magari boneti na rejeta ya uongo mbele, yafanane na ya petroli. Fikiria! Gari lisilohitaji rejeta linavalishwa rejeta ili mwenye nalo asichekwe. Yalitengenezwa kama 13,000 tu kwa jumla, na mwaka 1939 kampuni ikafunga ukurasa.

Cha ajabu, hata Henry Ford mwenyewe aliwahi kushirikiana na rafiki yake Edison kujaribu kutengeneza gari la umeme la bei nafuu, na mwaka 1914 habari zake zilitangazwa. Halikuingia sokoni. Wakati huohuo mkewe alikuwa nalo nyumbani.

Leo mamilioni ya watu wanayanunua magari ya umeme, na wanayasifia kwa yaleyale: hayana kelele, hayana moshi, unachaji nyumbani, unaondoka. Safari hii hakuna anayeyaita ya kike. Kumbe kasoro haikuwa sifa zile, ila waliozipenda kwanza hawakusikilizwa.

Basi baba, siku mama akikwambia gari fulani linamfaa, usikimbilie kucheka. Muulize amependa nini. Na wewe mama, ukiulizwa usiseme "lolote tu". Sema unachokitaka, na sababu zako ziwe mkononi. Bi. Clara aliweza, mbele ya mtengeneza magari mkubwa kuliko wote wa zama zake.