Soma namba za pembeni kabla ya kuogopa grafu



Kwenye mbao za matangazo za zahanati hubandikwa grafu za magonjwa. Wengi wetu hutazama mstari tu. Ukipanda, habari huenea bombani kwamba malaria imelipuka. Ukishuka, vyandarua husahauliwa. Lakini mstari peke yake hausemi yote.

Grafu inasomwaje?

Grafu ina mihimili miwili. Mhimili uliosimama huonyesha idadi ya wagonjwa. Mhimili uliolala chini huonyesha wiki au miezi. Mistari myembamba inayokatiza katikati hukusaidia kupata namba ya kila wiki.

Kwa nini picha hubadilika?

Tuchukue mfano. Wiki ya 1 kuna wagonjwa 410 wa malaria, na wiki ya 4 wapo 430. Wameongezeka 20, yaani karibu 5 kwa kila 100. Mhimili uliosimama ukianza 400 na kuishia 440, mstari utapanda kama mlima. Ukianza 0, mstari huo huo utakuwa karibu umelala. Wagonjwa ni wale wale.

Mara nyingi kompyuta huchagua yenyewe mhimili uanzie wapi. Mwandaaji anaweza kubadilisha namba ya chini, namba ya juu na nafasi kati ya mistari. Si lazima awe amekusudia kudanganya. Mhimili usioanzia 0 husaidia kuona mabadiliko madogo mapema.

Angalia mambo manne:

1. Mhimili unaanzia namba gani? Kama si 0, usipime ongezeko kwa macho, soma namba.
2. Kutoka mstari mmoja hadi mwingine ni wagonjwa 5, 50 au 500?
3. Je, wiki zote zipo? Wiki iliyorukwa huficha jambo.
4. Ni idadi ya wagonjwa, au ni wagonjwa kwa kila watu 1,000? Zoni yenye watu wengi inaweza kuwa na wagonjwa wengi bila kuwa na hali mbaya zaidi. Ukilinganisha zoni mbili, hakikisha mihimili yao inalingana.

Tahadhari

Mstari ulio chini si salama daima. Kwa kipindupindu, hata mgonjwa mmoja aliyeambukizwa hapa hapa na kuthibitishwa na maabara anatosha kuwa mlipuko. Kwenye grafu yenye mhimili wa hadi 500, mgonjwa huyo hataonekana kabisa.

Kwa hiyo usingoje grafu ikuambie la kufanya. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati ndani ya saa 24. Mwenye kuharisha maji maji apelekwe mara moja, huku akiendelea kunywa maji ya chumvi na sukari. Na usipoielewa grafu, muulize mhudumu wa afya wa zoni yako. Ni haki yako kuelewa.