Bunduki ya Marisau na Kazi Zake

Miongoni mwa silaha zote zilizobuniwa tangu baruti ilipojulikana, hakuna iliyokaa karibu na shamba, na jiko, na uwanja wa michezo kama bunduki ya marisau, ambayo watu wa mijini wameizoea kwa jina la shotigani. Na sababu ya ukaribu huo, ijapokuwa wengi huitafuta katika nguvu zake, kwa hakika imo katika udhaifu wake. Risasi moja ya bunduki ya kivita, ikikosa shabaha, yaweza kwenda kilomita tatu na zaidi ikamkuta mtu asiyejua hili wala lile. Lakini chembe za marisau, kwa kuwa ni ndogo na za mviringo, hushindwa na hewa mapema, zikapoteza kasi yake, hata yale yanayotumika kwa ndege hayaui kwa yakini kupita mita 40, wala hayafiki mita 300 kabla ya kuanguka chini. Silaha inayochoka upesi namna hii ndiyo iliyowezekana kutumiwa karibu na mashamba, njia na makazi, na kutokana na ufupi huo wa masafa zimezaliwa kazi nyingi ambazo msomaji yamkini hajapata kuzifikiria.

Ndani ya mtutu wake hamna mifereji ya mzunguko ile inayoizungusha risasi moja ipate kwenda sawa. Ni laini tupu tangu nyuma hata mdomoni. Upana wake hupimwa kwa hesabu ya kale: ratili moja ya madini ya risasi ikigawanywa vigololi 12 vilivyo sawa, kigololi kimoja kitaenea barabara katika mtutu wa namba 12, ambao upana wake ni milimita 18.5, na ratili hiyo hiyo ikigawanywa vigololi 20, kila kimoja kitapungua, na ndiyo maana bunduki ya namba 20 ni nyembamba kuliko ya namba 12, jambo linalowatatiza wanunuzi wapya. Risasi yake ni ganda lenye kitako cha shaba ya manjano. Katikati ya kitako pana fataki ndogo, juu ya fataki baruti, juu ya baruti kizibo, na juu ya kizibo marisau yenyewe, kisha mdomo wa ganda hukunjwa yasimwagike. Maganda ya zamani yalikuwa ya karatasi nene, na unyevu wa pwani ukiyaingia huvimba hata yakakataa kuingia mtutuni. Plastiki, iliyoanza kutumika viwandani Marekani mwaka 1960, imeiondoa taabu hiyo.

Yafaa hapa kutaja hatari moja ambayo kila mwenye bunduki hii apaswa kuijua. Ganda la namba 20, likitiwa kwa bahati mbaya katika mtutu wa namba 12, huteleza likapita, likakwama mbele kidogo mahali ambapo jicho halilioni. Mtu akadhani hajashindilia kitu, akatia ganda la namba 12 nyuma yake, akafyatua, na mtutu ukapasuka karibu na mkono wake wa kushoto. Kwa ajili hiyo viwanda vimeafikiana kuyatia maganda ya namba 20 rangi ya manjano, na mtu mwenye hadhari hachanganyi aina mbili katika mfuko mmoja hata kama rangi zinatofautiana.

Marisau yenyewe yana historia ya kupendeza. Kabla ya mwisho wa karne ya 18 ilikuwa kazi kubwa kuyapata yakiwa ya mviringo kamili, na chembe yenye pembe huenda kombo. Ndipo fundi mmoja wa mabomba wa mji wa Bristol, Uingereza, aitwaye William Watts, alipotambua kwamba risasi iliyoyeyushwa, ikipitishwa katika chujio na kuachwa ianguke kutoka juu sana, hujikusanya yenyewe ikawa duara katika hewa, na ikitua majini huganda na umbo hilo hilo; akapata hati ya hodhi ya ugunduzi wake mwaka 1782, akainua mnara juu ya nyumba yake na kuchimba chini ya sakafu apate kimo cha kutosha. Risasi hiyo ilihitaji arseniki kidogo tu ndani yake ili ijikusanye hivyo. Kwa zaidi ya karne moja minara ya namna hii ilisimama katika miji mingi ya Ulaya na Marekani, na wapita njia hawakujua kwamba ndani yake mvua ya madini ilikuwa ikinyesha.

Marisau yakitoka mtutuni huanza kutawanyika, na ufundi mkubwa wa karne ya 19 ulikuwa kuutawala mtawanyiko huo kwa kuubana mdomo wa mtutu kidogo, chini ya milimita moja, jambo lililokamilishwa na mafundi wa Uingereza na Marekani kati ya miaka ya 1860 na 1870. Mtutu usiobanwa, ukifyatuliwa kwa umbali wa mita 36, hutia kama asilimia 40 ya marisau yake ndani ya duara ya upana wa sentimita 76. Uliobanwa kabisa hutia kama asilimia 70. Ndiyo sababu bunduki ya mitutu miwili, inayovunjwa katikati kwa kutiwa risasi, aghalabu huwa na mtutu mmoja wazi na wa pili mbano: wa kwanza kwa ndege arukaye karibu na miguu ya mwindaji, na wa pili kwa yule ambaye keshajitenga.

Na ndege ndiye aliyeifanya silaha hii iwe ilivyo. Mtu anayemlenga kwale arukaye, akiuelekeza mtutu wake pale hasa alipo ndege, atakosa, na hesabu yake ni nyepesi: ndege aendaye kilomita 60 kwa saa, akikatiza mbele ya mwindaji kwa umbali wa mita 30, atakuwa amesogea mita moja na nusu na ushei katika ile sehemu ya kumi ya sekunde ambayo marisau huitumia njiani. Kwa hiyo mlengaji hodari huanza nyuma ya ndege, hupita naye, humtangulia, na hufyatua huku mtutu ukiendelea kwenda, kwani akiusimamisha mkono wake, hata kwa kitambo cha kupepesa jicho, marisau yote hupita nyuma ya mkia. Elimu hii haipatikani kwa kufunga jicho moja na kutazama kidoto cha mbele. Hupatikana kwa kitako kukaa mahali pamoja begani kila mara, shavu likiegemea mti wake, na macho mawili yakiwa wazi juu ya ndege.

Katika nchi zetu ndege wanaotafutwa zaidi kwa marisau ni kanga na kwale. Kwale hujilaza katika majani mpaka mguu umkaribie, kisha huchomoka kwa kishindo kinachomshtua hata mzoefu. Kanga tabia yake nyingine: yeye hupenda kukimbia kuliko kuruka, na kundi likihisi mtu hutokomea vichakani kwa mbio, hivyo wawindaji hugawanyika, mmoja akazunguka mbele, mwingine akalisukuma kundi taratibu mpaka lilazimike kuruka. Kumpiga kanga akiwa chini, au jioni akiwa amekwisha panda mtini kulala, ni jambo linalodharauliwa na wenye adabu ya kazi hii, nami naona wana haki, kwa kuwa marisau yaliyomiminwa katika kundi lililosongamana huua wawili na kujeruhi watano ambao hawataonekana tena. Mwindaji Mwislamu hutaja jina la Mungu kabla ya kufyatua, na amkutapo ndege bado ana uhai humchinja papo hapo. Na mpishi, awe wa dini yoyote, huzichopoa chembe nyamani kabla ya kutia chungu motoni.

Kwa ndege wa majini limezuka suala zito ambalo wawindaji wa kale hawakulitambua. Bata hula mawe madogo ili firigisi lake lisage chakula, na katika maziwa yaliyowindwa miaka mingi huokota marisau akidhani ni mawe. Firigisi likayasaga, sumu ya risasi ikaingia damuni, na bata ambaye hakupigwa na mtu akafa kwa unyonge siku kadhaa baadaye. Marekani ilikataza marisau ya madini hayo kwa kuwinda ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991, Denmark ikayakataza kabisa mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya ukaanza kuyazuia katika ardhi zote za chepechepe mwaka 2023. Badala yake hutumika chuma laini. Na madhali chuma ni chepesi, uzito wake ukiwa gramu 7.8 kwa sentimita moja ya ujazo ilhali wa risasi ni 11.3, mwindaji hana budi kuchagua chembe kubwa zaidi na kumkaribia ndege zaidi, tena asiyatie katika bunduki ya kale iliyobanwa sana mdomoni kabla ya fundi kuitazama. Gharama hiyo naiona ndogo mno mbele ya ziwa lililo salama.

Mashindano ya kulenga yalianza kwa njiwa hai walioachiwa kutoka masandukuni, na hata katika Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 1900 walipigwa njiwa wa kweli, na Mbelgiji Léon de Lunden akashinda kwa kuangusha 21. Kule Marekani waliotumiwa walikuwa wale njiwa wahamaji ambao makundi yao hapo zamani yalifunika jua, na ambao walinaswa kwa nyavu na kupigwa kwa marisau kwa ajili ya soko na michezo pasipo kiasi. Mwaka 1880 George Ligowsky wa mji wa Cincinnati alivumbua kisahani cha udongo kirushwacho kwa mtambo, kikapaa mfano wa ndege. Na katika mji huo huo, tarehe 1 Septemba 1914, njiwa mhamaji wa mwisho duniani, jike aitwaye Martha, alikufa katika bustani ya wanyama. Laiti kisahani kile kingalitangulia miaka hamsini, na tamaa ya soko ingalizuiwa pamoja nacho, huenda jamii ile ya ndege ingalikuwapo.

Kisahani cha leo hutengenezwa kwa lami na chokaa, kina upana wa milimita 110 na uzito wa gramu 105 hivi, na mlengaji wa Olimpiki ana gramu 24 tu za marisau za kukivunjia, hali kinakwenda zaidi ya kilomita 100 kwa saa, na katika baadhi ya mashindano kwa upande asioujua kabla ya kukiita. Huu ni mmoja wa michezo michache ambayo mwanamke aliwahi kuwashinda wanaume mbele ya dunia nzima: Zhang Shan wa Uchina alitwaa dhahabu ya skiti, aina mojawapo ya kulenga visahani, huko Barcelona mwaka 1992, na katika Olimpiki iliyofuata shindano hilo likaachiwa wanaume peke yao, mpaka mwaka 2000 wanawake walipopewa lao. Ndugu zetu wa Ghuba nao wamepata heshima kubwa hapa. Medali ya kwanza kabisa ya Umoja wa Falme za Kiarabu, nayo ikawa dhahabu, ilipatikana Athens mwaka 2004 kwa mkono wa Sheikh Ahmed Al Maktoum. Na Abdullah Al-Rashidi wa Kuwait alichukua shaba katika Michezo ya Tokyo akiwa na umri wa miaka 57, umri ambao katika mbio au ngumi mtu ni mtazamaji tu.

Huko mashambani adui mkubwa ni nguruwe mwitu, ambaye kwa usiku mmoja huweza kung'oa mihogo ya msimu. Marisau ya ndege hayamfai huyu, humtesa bure. Hutumika makubwa, tisa tu katika ganda moja, kila moja likiwa na upana wa milimita 8 na ushei, tena kwa umbali usiozidi mita 30 na mbele ya mwanga mzuri. Kwa kweleakwelea, ambao huja kwa mamilioni, bunduki haina msaada wowote, na mkulima anayefyatua kutwa kucha anapoteza fedha zake. Hao wanahitaji serikali na ndege za kunyunyizia dawa. Viwanja vya ndege, kinyume chake, hutumia bunduki hii kwa manufaa makubwa, kwa kufyatua risasi maalumu ambayo haina marisau, bali fataki inayolipuka angani na kuwafukuza ndege katika njia ya kurukia. Nchini Tanzania silaha ya namna yoyote katika hizi huhitaji leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni hiyo peke yake haimpi mtu ruhusa ya kuwinda.

Kazi inayonistaajabisha kuliko zote ni ya viwanda vya saruji. Ndani ya tanuri lile refu linalozunguka, ambamo joto hufika nyuzi 1,450 za Selsiasi, saruji ghafi huganda ukutani ikafanya pete inayoziba njia; kulizima tanuri, kulipoza na kuliwasha tena ni hasara ya siku nyingi. Basi mafundi huweka mbele ya mdomo wake bunduki ya namba 8 juu ya kigingi cha chuma, wakaipiga pete hiyo kwa vipande vizito vya risasi au zinki mpaka ikamomonyoka na kuanguka, huku tanuri likizunguka na moto ukiwaka. Bunduki hiyo, ambayo kwa ukubwa wake sheria ya Marekani haiikubali kwa kuwinda ndege wahamao, imesalia kuwa chombo cha kiwandani. Wanachuoni wa misitu nao hutumia ya namba 12 kukatia vitawi vya juu katika miti isiyopandika, wapate majani mabichi ya kuchunguza. Na mafundi wa kutegua mabomu wana chombo kinachotumia ganda lile lile, marisau yakiwa yameondolewa, ili baruti isukume maji kwa kasi kubwa yakatenganisha waya na betri kabla bomu halijawahi kulipuka.