Foni ya Walikale na Masikio ya Wengine

Kutoka Walikale-centre hadi Goma ni kama kilomita 130 kwa mstari ulionyooka, na katikati kuna msitu, kisha milima ya Masisi. Motorola ya mkononi haifiki: mawimbi yake huenda moja kwa moja, na mlima ukiyazuia, sauti inaishia hapo. Lakini muuguzi wa kituo cha afya mwenye foni (redio ya mawimbi mafupi), paneli ya jua na betri ya gari huita Goma akajibiwa.

Kazi yote inafanywa na waya uliotandazwa kati ya miti miwili. Unarusha mawimbi juu, na huko juu, kuanzia kama kilomita 100, miale ya jua imeng'oa elektroni kutoka kwenye chembe za hewa. Tabaka hilo lenye umeme huyarudisha mawimbi ya foni chini, yakanyesha kama mvua mbele na nyuma ya mlima. Mwingereza Edward Appleton ndiye aliyelithibitisha mnamo Desemba 1924, kwa kutumia mtambo wa BBC wa Bournemouth, na mwaka 1947 akapewa Tuzo ya Nobel. Usiku tabaka hupungua nguvu, ndiyo maana waendesha foni huhamia masafa ya chini giza likiingia.

Ubaya ni kwamba mvua hiyo haimchagui aliyeitwa. Foni ya kawaida hupeleka sauti wazi. Mwenye skana inayonasa masafa ya foni, yaani redio inayopekua masafa moja baada ya jingine na kusimama penye sauti, anaweza kusikia yote akiwa Masisi, Bukavu au hata ng'ambo ya mpaka.

Je, ni halali? Kusikiliza Radio Okapi, iliyoanza Februari 2002, hakuna shida, kwa kuwa matangazo ni ya kila mtu. Ujumbe wa watu wawili ni jambo jingine. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 kinalinda siri ya mawasiliano, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Kanuni za kimataifa za redio, kifungu cha 17, nazo zinazitaka nchi zizuie kunasa bila kibali mawasiliano yasiyokusudiwa umma, pamoja na kuyafichua. Kwa hiyo kuweza kusikia si ruhusa ya kusambaza. Na tuseme ukweli, barabarani Masisi mtu mwenye bunduki akikukuta na skana hatakuuliza kifungu, atakuita mpelelezi.

Kunasa kwa kibali kumewahi kuwasaidia watu wa huku. Simu za viongozi wa kundi la waasi la FDLR waliokuwa wakiishi Ujerumani zilisikilizwa na wapelelezi, zikawa ushahidi mahakamani Stuttgart, katika kesi iliyogusa mauaji ya Busurungi, Walikale, ya Mei 2009. Tarehe 28 Septemba 2015 Ignace Murwanashyaka alihukumiwa miaka 13, Straton Musoni 8. Hukumu ya Murwanashyaka ilitenguliwa kwa sehemu mwaka 2018, naye akafariki 2019 kabla kesi haijasikilizwa upya.

Ndugu unayeshika foni, sheria haiwezi kuziba kila sikio. Usitaje jina la mgonjwa, wala saa ambayo gari la dawa litapita, wala njia wanayokimbilia watu. Hayo yapeleke ana kwa ana.